Kiasi cha Watawa: Kumbukumbu za Bia ya Kitrapisti, kutoka Olenguruone hadi Tilburg

Sera ya taifa kuhusu vileo na dawa za kulevya iliyozinduliwa nchini Kenya mwishoni mwa Julai 2025, ambayo pamoja na mengine ilipendekeza umri wa chini wa kuruhusiwa kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, iliamsha upya mjadala ambao nchi hii imekuwa nao tangu enzi za ukoloni, yaani nani anywe, anywe wapi na anywe saa ngapi. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibandika jina la mbunge aliyeisukuma na kuiita Sheria ya Mututho, ilikwisha kulijibu swali la saa kwa kuamuru baa zifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana mwisho wa wiki. Sera ya 2025 nayo ililishika swali la umri. Swali ambalo aghalabu huachwa pembeni ni la upande wa pili wa kaunta: je, anayetengeneza pombe na anayeiuza wanahitaji mnywaji anywe kiasi gani ndipo wao wenyewe wapate kuishi?

Kwa mwandishi wa makala haya, aliyelelewa Olenguruone, katika sehemu ya kusini ya Kuresoi inayopakana na msitu wa Mau, swali hilo halikutoka vitabuni. Lilimjia kwa njia ya kuzunguka, kupitia bia inayotengenezwa na watawa wa Kitrapisti, na kabla ya kusimulia ilivyokuwa ni vyema kueleza watawa hao ni akina nani. Watrapisti ni tawi la Wasisterisia, shirika lililoanzia Cîteaux nchini Ufaransa mwaka 1098, na jina lao linatokana na abasia ya La Trappe, huko Normandy, ambako abati Armand-Jean de Rancé alianzisha mageuzi ya ukali katika karne ya 17. Wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo katika sura ya 48 inataka mmonaki ale jasho la mikono yake mwenyewe, na katika sura ya 40 inampimia kila mmoja kipimo kimoja cha divai kwa siku. Benedikto anakubali hilo shingo upande, kwa kuwa aliona wamonaki wa zama zake hawangeshawishika kuacha kabisa, basi angalau wasinywe hadi kukinai. Kaskazini mwa Ulaya, ambako mizabibu haisitawi vizuri, nafasi ya divai ikachukuliwa na bia, na bia hiyo ikawa pia kazi ya mikono.

Olenguruone ya utoto wa mwandishi ilikuwa na pombe nyingi na sheria nyingi, na mahali hapo palikuwa pameshazoea kubishana na sheria. Serikali ya kikoloni ilipowakalisha hapo familia za Wakikuyu waliohamishwa kutoka kwingine, mwaka 1941, iliwaambatanishia masharti ya namna ya kulima na ya nani arithi shamba. Wakayakataa, wakala kiapo cha umoja ambacho wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa mizizi ya Mau Mau, na kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Waliokuja kukaa baadaye, wengi wao Wakipsigis, waliwakuta Waogiek wa msituni na asali yao, na kila jamii ilikuwa na kileo chake: Wakikuyu muratina, inayochachushwa kwa tunda la mwegea, Waogiek pombe ya asali, Wakipsigis pombe ya wimbi na, baadaye, busaa ya mahindi.

Katika kumbukumbu za mwanzo kabisa za mwandishi, wazee wameketi kwenye viti vifupi kukizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, uitwao kwa Kikipsigis rogoret, wenye kichujio kilichosukwa kwenye ncha ili makapi yasipande. Busaa yenyewe iliandaliwa na wanawake kwa kazi ya siku nyingi: unga wa mahindi uliloekwa ukaachwa uchachuke, ukakaangwa juu ya bati hadi ukawa na rangi ya udongo mwekundu, ukatiwa maji na kimea cha wimbi, ukaachwa tena uchemke wenyewe bila moto. Wakati wa kunywa, maji ya moto yaliongezwa kidogo kidogo chunguni, na mzee mwenye nyumba ndiye aliyesema yaongezwe au yasiongezwe. Alipoacha kusema, pombe ilikuwa imekwisha, hata kama mtu bado alikuwa na kiu. Chungu kilikuwa cha jando, cha mahari au cha shukrani kwa majirani waliosaidia kulima, na hapakuwa na mtu aliyepata faida kwa mwenzake kunyonya mara mbili zaidi. Si kwamba wazee hao walikuwa malaika. Wapo waliorudi nyumbani wakitambaa, na wapo waliowapiga wake zao. Lakini chungu kilikuwa na mwisho, na mwisho huo ulijulikana na wote kabla mrija wa kwanza haujazamishwa.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na nyumba ya namna nyingine. Mama mmoja mjane alipika chang'aa, kileo kikali kinachopatikana kwa kuchemsha pombe iliyochachuka na kuupoza mvuke wake uwe matone, na aliipika usiku kwa sababu Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya mwaka 1980 ilikuwa bado na meno. Kila mtu alijua kwamba anapika na kila mtu alijua kwa nini: alikuwa na watoto watano na karo ya watoto watano. Pale hapakuwa na mzee wa kusema basi. Mteja alikunywa mpaka fedha zake ziishe, na kadiri zilivyoisha haraka ndivyo mtoto mmoja zaidi alivyobaki darasani. Mama mdogo wa mwandishi, muumini wa Africa Gospel Church, kanisa ambalo katika nchi ya Wakipsigis limejulikana kwa kukataza pombe ya kila aina, alikuwa akimwombea mama huyo hadharani siku ya Jumapili na kumpelekea maziwa Jumatatu, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana.

Familia ya mwandishi yenyewe ilikuwa ya Kikatoliki, na ndiyo iliyomfikisha kwenye monasteri. Kaskazini-magharibi mwa Olenguruone, katika nchi ya Kericho, kuna Kipkelion, ambako katika siku za ukoloni stesheni ya reli iliitwa Lumbwa. Huko, mwaka 1956, Watrapisti kutoka Uholanzi walianzisha monasteri ya Mama Yetu wa Victoria. Baba yake alikwenda huko kutafuta mtamba wa gredi, kwa kuwa sifa za ng'ombe wa watawa zilikuwa zimevuka mabonde, naye mwandishi akachukuliwa ili azoee safari za wanaume. Kilichomshangaza mtoto huyo kilikuwa ukimya. Watrapisti hawaweki nadhiri ya kutosema, kama wengi wanavyodhani, ila wanasema pale panapohitajika. Mtawa aliyewapokea alizungumza habari za mtamba, bei yake na chanjo zake kwa ukamilifu, kisha akanyamaza, wala kunyamaza kwake hakukuwa na uadui. Kengele ilipolia aliacha mazungumzo katikati akaenda kusali, baba akasubiri, na mtawa aliporudi wakaendelea pale pale walipoachia. Kwa mkulima aliyezoea madalali wa sokoni, muuzaji anayeweza kumwacha mnunuzi amesimama na fedha mkononi alikuwa kiumbe kigeni. Baba aliizungumzia habari hiyo kwa miaka, wakati mwingine kwa kicheko, mara nyingi kwa heshima.

Bia haikutajwa. Hapakuwa na bia. Watu wa Kipkelion waliijua monasteri kwa maziwa na kwa sala zinazoanza kabla ya alfajiri, na hakuna monasteri ya Afrika Mashariki ambayo imewahi kuingia katika orodha ya viwanda vyenye nembo ya bia ya Kitrapisti.

Kisha ikaja Januari 2008. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliunguza nyumba kuanzia Kuresoi na Molo hadi Kipkelion, na Olenguruone, ambayo ilikuwa imeshaonja vurugu za namna hiyo mwaka 1992, haikusalimika. Watu waliofukuzwa makwao Kipkelion walikimbilia kwenye uwanja wa monasteri kwa wingi, wakalala chini ya miti ya watawa na kula kilichokuwa ghalani. Mwaka huo huo jumuiya ya watawa iliondoka Kenya ikahamia Kijonjo, upande wa Masaka nchini Uganda, ikalichukua na jina lake la Victoria. Jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea mashariki mwa Kongo: monasteri ya Mokoto, huko Masisi, iliyoanzishwa mwaka 1954 na abasia ya Scourmont ya Ubelgiji, ilishambuliwa Mei 1996 ikiwa imejaa wakimbizi, na watawa wake wakatawanyika. Scourmont ndiyo abasia inayotengeneza bia ya Chimay. Mwandishi hakuujua uhusiano huo wakati ule. Aliusoma baadaye sana, akiwa tayari ameketi mbele ya bilauri.

Bilauri hiyo ilikuwa Uholanzi, nje kidogo ya mji wa Tilburg, katika abasia ya Koningshoeven, ambako mwandishi, wakati huo akiwa mwanafunzi, alipelekwa na wenzake wa chuo waliotaka kuonja bia ya La Trappe mahali inapotengenezwa. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1881 na watawa wa Kifaransa waliohofia sheria za nchi yao dhidi ya mashirika ya kidini. Ardhi waliyopewa ilikuwa ya mchanga, haikuweza kuwalisha, na mwaka 1884 wakaanza kupika bia ili bia iwalishe. Mpishi wa kwanza alikuwa mtawa aitwaye Isidorus Laaber. Kwa hiyo bia hiyo ilizaliwa na shida, kama chang'aa ya mama wa ng'ambo ya kijito, na mwandishi anaona ni muhimu jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu wapenzi wa bia za watawa hupenda kuzungumza kana kwamba zilishuka kutoka mbinguni.

Kuonja kwenyewe kulikuwa na utaratibu wake. Chupa hazikutolewa kwenye barafu, kwa sababu baridi kali huua harufu. Zilikuwa na ubaridi wa maji ya kisima cha Olenguruone asubuhi. Bia ilimiminwa taratibu katika bilauri yenye mguu na mdomo mpana, na sehemu ya mwisho ikaachwa chupani, kwa kuwa bia hizi huendelea kuchachuka zikiwa zimeshafungwa, na chachu hujikusanya chini kama tope jepesi. Ya kwanza iliyoonjwa ni ile iitwayo Dubbel, yenye rangi ya sukari guru na nguvu ya asilimia 7 ya pombe. Ilinukia zabibu kavu na mkate uliokaribia kuungua, na utamu wake ulikatwa na uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Tripel, ya asilimia 8, ilikuwa ya dhahabu, na ndani yake mlikuwa na karafuu na ndizi iliyoiva kupita kiasi, ingawa hakukutiwa karafuu wala ndizi: ladha hizo huzaliwa na chachu yenyewe inapofanya kazi katika joto. Quadrupel, ambayo abasia hiyo iliianzisha mwaka 1991, ina asilimia 10, na mmoja wa wanafunzi, aliyezoea kunywa Tusker ya asilimia 4.2 kwa mikupuo, aliinywa kwa mikupuo vilevile na akahitaji kushikwa mkono kwenda kituo cha basi. Bia ya namna hiyo inajilinda yenyewe. Anayeiharakisha inamwadhibu, na anayeisubiri huiona ikibadilika bilaurini kadiri inavyopata joto.

Mazungumzo ya mezani yalihusu chapa ipi ni bora. Mbelgiji mmoja alishikilia kwamba hakuna kinachoshinda Orval, ambayo hutiwa chachu ya mwituni na kupata harufu ya ngozi ya tandiko, na mwingine akaisifu Westvleteren, ambayo watawa wake huiuza kwa kipimo na kwa miadi, na hawaongezi uzalishaji ingawa dunia nzima inaililia. Hapo ndipo mazungumzo yalipogeuka, kwa mwandishi, kutoka ladha kwenda kwenye hesabu. Kwa nini mtu akatae kuuza zaidi? Jibu limo katika masharti ya Jumuiya ya Kimataifa ya Watrapisti, iliyoundwa mwaka 1997 kuzuia viwanda vya kawaida visijipachike jina la watawa: bia ipikwe ndani ya kuta za monasteri, watawa wenyewe waipike au waisimamie, kazi ya bia isiwe juu ya maisha ya utawa, na mapato yatosheleze mahitaji ya watawa na majengo yao, kinachobaki kiende kwenye misaada. Kwa maneno mengine, mtengenezaji anajua kabla ya kuanza ni kiasi gani kinamtosha.

Masharti hayo hayatimizwi bila mvutano, na mwandishi hana nia ya kuyatia uvumba. Chimay ni kampuni kubwa ambayo bia yake hupatikana katika maduka ya mabara yote, na walei ndio wengi katika kazi zake. Koningshoeven yenyewe ilivuliwa nembo ya jumuiya mwaka 1999 baada ya kuingia mkataba na kampuni kubwa ya bia ya Kiholanzi, na haikurudishiwa hadi mwaka 2005. Achel ya Ubelgiji ilipoteza nembo mwaka 2021 kwa sababu watawa walikuwa wamekwisha, ingawa bia yake iliendelea kupikwa. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba kuna chombo kinachoweza kuivua abasia nembo yake, nacho ni cha watengenezaji wenyewe. Si cha polisi.

Wakati wa kuondoka, mwongozaji wa ziara aliwaonyesha wageni chupa ya Isid'or, bia iliyotolewa mwaka 2009 kuadhimisha miaka 125 ya kiwanda na kupewa jina la yule mpishi wa kwanza, akaeleza kwamba sehemu ya mapato yake ilitengwa kuwasaidia ndugu zao waliokimbia Kenya na kuanza upya Uganda. Aliitaja Kipkelion kwa matamshi ya Kiholanzi. Ndipo mwandishi alipofahamu kwamba mama wa monasteri ile ya mtamba ni nyumba hii ya bia, na kwamba watawa waliomwacha baba yake amesimama na fedha mkononi walikuwa wamelelewa katika abasia yenye desturi hiyohiyo. Alinunua chupa kadhaa.

Chupa hizo zilifunguliwa Olenguruone, sebuleni kwa baba mdogo, mbele ya mwalimu mstaafu, jirani wa Kiogiek ambaye ni mfuga nyuki, na mama mdogo wa Africa Gospel Church aliyekuja, kwa maneno yake, kulinda. Kwa kukosa bilauri za mguu, vilitumika vikombe vya chai. Mzee wa nyuki aliinusa Dubbel kwa muda mrefu, akaionja, akatangaza kwamba imetiwa asali. Alipoambiwa kwamba ule ni utamu wa kimea kilichokaushwa kwa moto mkali, hakuamini, na hadi leo haamini. Baba mdogo alisema, "Hii si ya kunywa umesimama." Mama mdogo alikubali kunusa tu, akarudisha kikombe.

"Na hawa ni mapadri?" akauliza.

"Ni watawa, mama. Wachache wao ndio mapadri."

"Basi wana dhambi ya bei ghali," akasema, na wote wakacheka, naye akacheka pia.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyelifikisha jambo mahali pake. Alitaka kujua watawa wangefanya nini kama wanunuzi wangewakimbia, kwa sababu, alisema, aliona mwaka 2013 serikali ilipoitoza tena Keg, bia ya bei nafuu, nusu ya ushuru: bei ikapanda, wanywaji wakaiacha, lakini hawakuacha kunywa, walirudi kwa chang'aa, na mwaka uliofuata kaunti kadhaa zikazika watu waliouawa na pombe yenye methanoli, ambayo ni kemikali ya viwandani inayopofusha macho kabla ya kuua. Jibu la swali lake limekuja baadaye, kutoka Marekani. Abasia ya Spencer, Massachusetts, ilifungua mwaka 2013 kiwanda cha kwanza cha bia ya Kitrapisti nje ya Ulaya, biashara ikawa ngumu, na mwaka 2022 watawa wakakifunga. Walibaki na kazi waliyokuwa nayo zamani, ya kutengeneza jamu. Hawakulazimika kumtafuta mnywaji mpya wala kumzidishia wa zamani.

Ni rahisi kusema kwamba kufunga namna hiyo kunawezekana kwa watu wasio na watoto. Lakini mama wa ng'ambo ya kijito alifanya hivyo hivyo. Alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba atapika hadi kitinda mimba amalize kidato cha nne, na mwaka huyo alipomaliza, pipa na mabomba vikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, fedha zikaongezewa kununua ng'ombe wa pili, na tangu wakati huo maisha yake yamekuwa ya maziwa, ya asubuhi na ya jioni, anayoyapeleka mwenyewe kwenye kituo cha kukusanyia. Hakuokoka, ingawa mama mdogo alidai sifa hiyo. Alikuwa amefikia kiasi chake. Wateja wake walitanga kwa wiki mbili tatu, kisha wakahamia nyumba nyingine, karibu na daraja, kwa mama mwingine ambaye mtoto wake wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anaingia darasa la nne.